Pascasie Uwamariya, Aliyesema Nusu Zote Mbili

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, jamaa mliotoka mbali na majirani mliotoka hapa Brooklyn Park, mimi ni Jedidah Nkirote, dada yake Alfred, na marehemu ni wifi yangu. Familia imeniomba niwasomee maisha yake, na Alfred amenisihi nisome polepole, lakini wifi yangu hakuwahi kufanya jambo polepole, kwa hiyo mtanivumilia nikienda mbio.

Pascasie Uwamariya alizaliwa tarehe 14 Agosti 1972, katika kijiji cha mlimani juu ya Ziwa Kivu, karibu na mji wa Kibuye nchini Rwanda, mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake akiwa mwalimu na mama yake mshonaji. Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini, akaendelea na sekondari ya ualimu, na mwaka 1992 alirudi kufundisha darasa la tatu katika shule ile ile aliyosomea, jambo lililompa baba yake majivuno makubwa.

Aprili 1994, mauaji ya Watutsi yalipoanza, wazazi wake, kaka yake na wadogo zake wawili waliuawa katika kanisa walilokimbilia, na waliowaua hawakutoka mbali, walikuwa watu aliowaamkia kila siku akienda kazini. Yeye alikuwa bado njiani, akasikia kelele, akageuka, akapita kwenye migomba mpaka kwa jirani yao Ndagijimana, seremala aliyetengeneza viti vya kanisa hilo, akasimama mlangoni akamwita kwa jina. Ndagijimana alimvuta ndani, akamficha katika shimo la kuivishia ndizi nyuma ya jiko, akalifunika kwa majani, na humo Pascasie alikaa mpaka mvua za masika zikaisha.

Kila asubuhi wenzake Ndagijimana walipita kumwita, naye alichukua panga akatoka nao, na kila jioni alirudi, akanawa mikono, akamletea marehemu viazi na maji. Pascasie alijua anakokwenda. Aliwasikia wakirudi wakitaja majina ya watu, na mengine yalikuwa majina aliyokuwa akiyaita darasani.

Vita vilipokwisha Ndagijimana alivuka mpaka pamoja na maelfu ya wengine, wasionane tena kwa miaka ishirini, na mwaka 1996 marehemu alihamia Nairobi kwa shangazi yake, akajifunza Kiswahili na kazi ya kuuguza. Huko ndiko alikokutana na kaka yangu Alfred, na walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1998. Alipoletwa kwetu Meru mara ya kwanza hakukaa kitini hata kidogo, aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa, akafagia uwanja uliokwisha fagiliwa, hadi mama yangu akaniuliza pembeni, "Huyu msichana anakimbizwa na nani?"

Mungu aliwajalia watoto wawili, Lynette aliyezaliwa Nairobi mwaka 2000, na Brandon aliyezaliwa hapa Minnesota mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya familia kuhamia. Tangu 2005 marehemu alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Saint Paul, kwanza kama msaidizi, kisha kama nesi kamili, na huko alikutana na mama mmoja wa Kiyahudi aliyeitwa Bi. Malka, ambaye familia hii haiwezi kumwacha nje ya historia hii.

Siku ya kwanza wawili hao waligombania kiti. Chumbani mlikuwa na kiti kimoja tu kilichoegemea ukuta na kutazama mlango, Bi. Malka alikitaka, na Pascasie, bila kufikiri, alikuwa amekwisha kukikalia. Yule bibi alimtazama alivyokaa, akamuuliza, "Wewe ulijificha wapi?"

Bi. Malka alijificha utotoni huko Poland, katika ghala la nyasi la mkulima mmoja, wakati jamaa zake walipokuwa wakichukuliwa na kuuawa kwa sababu tu walikuwa Wayahudi. Kwa miaka minane wanawake hawa walizungumza, mara nyingi wakibishana, na marehemu alikuwa akirudi nyumbani akiwa hawezi kukaa, anazunguka jikoni akimsimulia Alfred aliyoambiwa. Lililomchoma zaidi ni hili, kwamba mkulima yule aliyemficha Bi. Malka ndiye aliyewaonyesha askari mahali walipojificha binamu zake. Baada ya vita watu walikuja kumhoji Bi. Malka kuhusu mkulima huyo, naye akawaeleza habari za ghala na mkate, akayanyamazia hayo mengine.

"Nilisema nusu," Bi. Malka alimwambia. "Nilidhani ni shukrani. Nusu ya pili imenikwama kooni maisha yangu yote."

Mwaka 2014 marehemu alialikwa kwenye sherehe ya kumshukuru Mungu nyumbani kwa dada mmoja Mnyarwanda huko Blaine, dada Bernardine, ambaye baba yake alikuwa amehamia kwake hivi karibuni. Mzee huyo alipotokea sebuleni alisimama ghafla, akamkumbatia Pascasie huku akilia, akisema, "Uwamariya! Mwanangu, kumbe uko hai!" Alikuwa Ndagijimana. Watu walipoelezwa kwamba huyu ndiye aliyemwokoa walipiga makofi na vigelegele, marehemu naye alilia na kumshika mikono.

Miezi iliyofuata hakuwa na raha. Alichukua shifti mbili mbili, akapaka rangi chumba kimoja mara tatu, aliendesha gari hadi Blaine akageuza bila kushuka. Bi. Malka alifariki mwaka 2016, na mwaka uliofuata Ndagijimana alishtakiwa mahakamani Minneapolis kwamba alidanganya alipoomba kuingia nchi hii, akaficha aliyoyafanya. Wakili wake alimwomba marehemu aje aeleze alivyookolewa, akamshauri ajibu atakachoulizwa tu. Hapa nyumbani tulivutana. Alfred alisema, "Mama Lynette, bila mzee yule mimi sina mke, na hawa hawana mama. Sema alivyokuokoa, ushuke, urudi nyumbani." Lynette, aliyekuwa chuoni, alimjibu baba yake kwa Kiingereza kwamba waliokufa nao walikuwa na watoto, kisha akaondoka mezani.

Marehemu alikwenda, akaeleza habari za mlango na shimo na viazi, na mzee alikuwa akifuta machozi. Kisha mwendesha mashtaka akasimama, akamuuliza asubuhi mtu huyu alikuwa akienda wapi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Angeweza kusema hajui, maana alikuwa shimoni, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. 

"Alikuwa akienda kuua," alisema. "Jioni alinipa chakula. Yote mawili ni kweli, na sitaki mniandikie moja."

Akataja majina ya watoto aliyoyasikia, moja baada ya jingine. Wakili alimuuliza kwa hasira, je, basi mtu huyu ni mwema au mbaya, naye akamjibu, "Mnauliza kana kwamba ni watu wawili. Ni huyu mmoja, ameketi pale."

Ndagijimana alipatikana na hatia, na hatimaye alirudishwa Rwanda, ambako yuko gerezani hadi leo. Marehemu alisemwa pande zote mbili, wengine wakimwita asiye na shukrani, wengine, walionusurika kama yeye, wakikasirika kwamba alikumbusha viazi vya muuaji. Bernardine aliacha kumsalimu. Kabla mzee hajasafirishwa, marehemu alimtembelea kizuizini, akiwa na swali alilolibeba tangu shimoni, akamuuliza kwa nini alimwokoa yeye. Alitusimulia jibu lake, nami nalisoma kama nilivyolisikia.

"Sijui," mzee alimwambia. "Wewe ulikuja nyumbani nikiwa peke yangu, ukaniita kwa jina. Wale wengine niliwakuta nikiwa na wenzangu."

Jibu hilo halikumpa amani, lilimwongezea vurugu. Kama alingoja kusikia kwamba alipendwa, au kwamba Mungu aliugusa moyo wa yule mtu, hakusikia. Alianza kualikwa mashuleni kuzungumza, na vijana walipomuuliza wauaji walikuwa watu wa namna gani aliwajibu kwamba walikuwa mafundi wazuri na baba wazuri, kisha akawauliza wao huwa nani wakiwa wengi na mmoja wao anachekwa. Kuna walimu hawakumwalika tena. Brandon anakumbuka alivyorudi siku moja ameudhika, akasema, "Wananitaka niwaambie walikuwa mashetani, ili wakalale vizuri."

Oktoba 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alipokea matibabu kwa ujasiri, ingawa manesi wenzake watathibitisha kwamba hakukubali kulala kitandani kama mgonjwa, alitoka na mpira wa dripu akatandika kitanda cha jirani. Februari Bernardine alifika hospitalini bila taarifa, akasimama mlangoni na koti lake.

"Nimekuchukia miaka saba," alisema.

"Najua. Kaa."

"Baba hataki kuniambia. Kila nikimuuliza kwa simu ananisimulia habari zako tu, jinsi alivyokuokoa. Naomba uniambie yale mengine. Usinifiche."

Wifi yangu alimweleza, mimi na Alfred tukiwepo, na palipokuwa na wema aliueleza pia, wala hakulainisha upande wowote. Bernardine alitapika. Marehemu, ambaye hakuwa na nguvu ya kushika kikombe, alimshika kichwa. Akarudi kesho yake, na siku zilizofuata, na wawili hao hawakupatana kwa jinsi tunavyopenda kusimuliana makanisani, kuna siku walizofokeana hadi nesi akaingia, lakini alirudi.

Pascasie Uwamariya aliaga dunia Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, hospitalini Saint Paul, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, ameacha mume, watoto wawili, na sisi sote.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake waliobadilishana shifti ili wamkeshee, majirani waliokwangua theluji mlangoni petu na kuleta chakula bila kuulizwa, na jamaa wa Kinyarwanda na Kikongo waliotuimbia. Tunamshukuru pia Bernardine, aliyeketi safu ya pili, na kwa kuwa baadhi yenu mmeniuliza leo asubuhi amekuja kufanya nini, nasema wazi. Marehemu aliomba kwamba wanawe wakishaweka udongo, anayefuata awe yeye. Tumelibishania jambo hilo wiki nzima, na sisi wenyewe hatukubaliani bado, lakini Alfred amesema litafanyika, na litafanyika. Naomba njia ifunguliwe apite.

Wifi, kazi uliyotuachia ni ngumu, nasi tunaianza kwa shingo upande. Wewe sasa kaa chini, ulale kwa amani.