Tiketi ya Pili ya Wazee wa Umeme

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya kreti mbili za soda, mbele ya kibanda changu cha viatu, limeegemea ukuta wa duka la vioo. Ukikaa mwisho wa kushoto ukanyage chini sawasawa, maana wa kulia akinyanyuka bila kuaga, wewe uko chini na kahawa yako mapajani. Kila alasiri muuza kahawa anatua hapo birika lake, na hapo ndipo tunapogombana kuhusu bendi moja tu duniani, bendi ya roki tuliyoanza kuipenda nywele zikiwa bado nyeusi. Ina jina lake, lakini sisi tunawaita Wazee wa Umeme. Mimi wananiita Gundi kwa sababu ya kazi. Nasema mapema kwamba sina subira na mtu anayesema muziki ni muziki tu.

Wazee wa Umeme walikuwa watano. Mwimbaji koo lilimchakaa akaacha. Mpiga solo alikosana na wenzake, na mpaka leo hawasalimiani. Mpiga kinanda alifariki. Mpiga besi siku hizi anafuga nyuki na hataki hata kuulizwa. Kabaki mpiga dramu peke yake, naye anapiga ameegemea mto mgongoni. Hao wengine wanne jukwaani ni wageni, wawili kati yao hawakuwa wamezaliwa bendi ilipotoa sahani yake ya kwanza ya santuri. Na hao ndio waliokuwa wanakuja kupiga kwenye ukumbi wa mjini, Jumamosi.

Siku hiyo ninayoisema, Lifti alifika na tiketi mbili. Lifti ni mwenzetu, alikuwa fundi wa lifti za maghorofa hadi alipostaafu. Mkewe tulimzika mwaka jana. Akakaa, akazitoa tiketi mfukoni, akazilaza kwenye ubao na kuzikandamiza kwa kikombe zisipeperuke. Akatueleza kwamba binti wa dirishani alimuuliza ngapi, na mdomo ukajibu mbili kabla kichwa hakijafika. Miaka yote alikuwa akisema mbili.

– Basi ya pili ipo, alisema. Anayetaka twende naye.

Sote tulielewa. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Mtu alikuwa anatafuta wa kukaa naye kiti cha pembeni, basi. Na sisi, badala ya kujibu ndiyo au hapana, tukaanza kujadili bendi.

Profesa ndiye aliyefungua. Huyu ni kinyozi wa kibanda cha jirani, kaitwa Profesa kwa sababu hawezi kunyoa kichwa bila kukifundisha. Alisema ile si bendi tena, ni dramu na wageni wake, na mtu mwenye akili hawezi kulipia wageni. Breki akamwambia hata hiyo dramu asiitegemee. Breki aliendesha malori maisha yake yote na hakuna jambo asilolijua kwa siri. Kwa habari alizonazo yeye, mpiga dramu wa kweli alishachoka zamani, na yule wa kwenye mto ni mdogo wake. Ndiyo maana mto, tusione kwamba huyu ni mfupi.

Profesa hakukubali kupitwa. Akasema kuna ofisi, ghorofani huko, inayomiliki jina la bendi, na ofisi hiyo inaweza kutuma watu wowote watano popote, hata usiku mmoja bendi ikapiga kwenye miji miwili. Wanachoangalia ni koti la bendi tu. Ukiingia kwenye koti, wewe ni Mzee wa Umeme.

Mimi nilikuwa na kiatu mkononi, nashona soli, na hapo nikaona nisibaki nyuma. Nikasema hata wale wa zamani hawakuwa wanapiga. Nikasema kulikuwa na mtu mmoja nyuma ya pazia, mfupi, ndiye aliyepiga solo zote, na wale tuliowashangilia walikuwa wanatikisa mikono tu. Sijui nililitoa wapi. Lilinitoka, na lilipokwisha kutoka nikalitetea kana kwamba nimelinunua.

Lifti alikuwa anatusikiliza tu, kidole juu ya kikombe kilichokandamiza tiketi. Mwisho akatoa simu.

– Sikilizeni hii, kisha mniambie ni ya wakati gani.

Ulikuwa ule wimbo wao wa kufungia onyesho, umerekodiwa ukumbini, watu wanapiga kelele chini yake. Solo ilipoingia tukaisogelea simu wote. Breki alifumba macho. Profesa aliinua mkasi kuonyesha pale kidole kinapokwaruza waya kabla ya kupanda juu, akasema hapo, hapo ndipo unapomjua mwenyewe, hakuna mwingine duniani anayekwaruza vile. Na mimi, sioni haya kusema, machozi yalinilenga. Tukakubaliana kwa kauli moja, jambo ambalo halijawahi kutokea benchi lile: hao ni wale watano, wakiwa bado na nguvu zao, kabla hawajaharibiwa.

– Ni ya mwezi uliopita, alisema Lifti. Ni hao hao wanaokuja.

Ungetuona. Breki alifumbua macho akamtazama Lifti kama mtu aliyeuziwa kiatu cha mguu mmoja. Profesa aliomba asikilizishwe tena, akasikilizishwa, akasema sasa anasikia kasoro. Breki akaja na mpya: kumbe wamemwiba yule mpiga solo, wanamfungia mahali, anapiga huko na waya unaletwa jukwaani. Tulicheka, lakini hasira ilikuwepo. Hakuna anayependa kushikwa akilia mahali ambapo ameapa hawezi kulia.

Lifti hakutaka kushinda mjadala. Alikuwa ametuonyesha kwamba bendi bado inapiga, ili kisingizio kituishie. Na kweli kilituisha, tukatafuta vingine. Breki Jumamosi ana wajukuu. Profesa Jumamosi ndiyo siku ya vichwa, akifunga atanyang'anywa wateja na kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Mimi nikasema mgongo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliwaza nitakaa pale na huyu mzee, taa zitazimwa, na yeye atageuka kusema neno na kukuta ni mimi. Ningemwambia nini?

Wakati wote huo dada mmoja alikuwa amekaa mwisho wa kushoto, mguu mmoja peku juu ya boksi, ananisubiri nimalize soli yake. Ni muuguzi, amehamia mtaani kwetu juzijuzi, hatujui habari zake wala yeye zetu. Alikuwa anakunywa kahawa yake polepole. Akamgeukia Lifti.

– Samahani baba, hiyo ya pili zamani ilikuwa ya mama?

– Ya mama, ndiyo.

– Alikuwa anawapenda sana, eh?

Kabla Lifti hajafungua kinywa tulishajibu sisi. Breki alisema yule mama alikuwa shabiki kutushinda wote, hakukosa onyesho hata moja. Profesa akathibitisha, kwa macho yake alimwona zaidi ya mara moja uani amevaa fulana ya bendi.

– Fulana ilikuwa yangu, alisema Lifti. Alikuwa anaivaa akipiga deki.

Akatabasamu peke yake. Akasema mkewe hakuwapenda hata chembe. Alikuwa anaweka pamba masikioni, na pamba nyingine kwenye mkoba kwa ajili ya jirani wa kiti akihitaji. Wakitoka ukumbini ndipo alipokuwa anaanza. Mwimbaji anapiga mayowe kama anang'olewa jino. Yule wa gitaa amekonda, hawamlishi? Na kwa nini wimbo mmoja uwe mrefu kuliko ibada? Wanatembea, yeye anatetea, mama anashambulia, mpaka mlangoni, mpaka chai imechemka, mpaka mmoja amelala. Wanachama walipoanza kuondoka bendini ni mama aliyekuwa wa kwanza kugundua, maana wapya alikuwa na ya kuwasema upya.

– Muziki nausikia hata nyumbani, alisema Lifti. Nimekosa mtu wa kuniambia ni mbaya.

Nilitazama wenzangu. Watatu tulikuwa tumekaa pale tangu alasiri, kazi yetu moja tu, kumwambia ni mbaya. Mtu angetutafuta mji mzima asipate watu waliofaa zaidi. Nikafungua mdomo niseme nipe hiyo tiketi, mgongo utapona. Nilichelewa kidogo, maana yule dada alikuwa bado anawaza.

– Sasa baba, kama hakuwapenda, alikuwa anaenda kufanya nini?

Aliuliza kwa wema kabisa, kama anavyomuuliza mgonjwa panapouma. Nasi wajuzi wa mambo yote, wenye ofisi za ghorofani na wapiga solo waliofungiwa, tukajitafutia shughuli. Breki alichungulia kikombe chake. Profesa alinyanyuka kwenda kumhudumia mteja ambaye hakuwepo.

Nilimwona Lifti uso ukibadilika, kwanza kama anayekumbuka, kisha kama anayehesabu, kisha ukatulia na nikatamani usingetulia hivyo.

– Sikuwahi kumuuliza, alisema.

Akakinyanyua kikombe, akazichukua tiketi zote mbili, akazipanga moja juu ya nyingine na kuzitia mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko. Hakutuuliza tena. Na mimi niliyekuwa na maneno mdomoni niliyameza, kwa sababu ile haikuwa tiketi ya ziada tena, ilikuwa na mwenyewe, yule mama. Ungeanzaje kuiomba?

Alimtakia yule dada kazi njema, akatuaga sisi, akaondoka taratibu upande wa kwake. Muuza kahawa akatikisa birika, hakuna kitu, akaanza kukusanya vikombe. Nilimpa dada kiatu chake. Akakivaa akauliza kama amesema jambo baya, nikamwambia hapana, hajasema baya.