Kikombe Kipya cha Merv Trevaskis

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu Merv Trevaskis anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Karakana ya barabara ya Halmashauri ya Wirrabilla haijui itafanya nini bila yeye, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika habari zake sijui nianzie wapi. Basi naanza na chai.

Merv aliingia kama dereva wa boza la maji, akapanda hadi kwenye greda, na hapo hakushuka tena. Mafuriko yalipoikata barabara ya Ridge Creek, yeye ndiye aliyelifungulia njia gari la wagonjwa, kisha akarudi amenuna kwa sababu tulikuwa tumemaliza keki za nazi.

Kwetu kikombe cha mtu hakioshwi, husuuzwa tu. Cha Merv kilikuwa cheusi ndani na kimejaa mikwaruzo. Birika la umeme lilipokufa, halmashauri ikaahidi jingine ambalo tunalisubiri hadi leo, tukawa tunachemshia maji kwenye maikrowevu. Kikombe kile kichafu hakikumletea shida hata siku moja.

Mwaka jana, alipotimiza miaka thelathini kazini, tulichanga tukamnunulia kikombe cha kioo, laini, kinachong'aa. Alikijaza maji akayapasha. Yalitoka yametulia, bila kiputo hata kimoja, akadhani bado, akayarudisha. Alipotumbukiza kifuko cha majani ya chai, maji yaliruka yote kwa mpigo yakamuunguza mkono wa kulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani angedhani ni kimya cha maji?

Muuguzi Loretta Quill wa zahanati alitueleza mara mbili. Maikrowevu huyatikisa maji yenyewe mpaka yapate moto, na kwenye kikombe laini viputo havina pa kuanzia. Maji hupita kiwango cha kuchemka bila kuonyesha dalili, yakingoja kuguswa tu.

"Kwa hiyo kosa letu ni kumpa kikombe kisafi?" aliuliza Kev Dunstan, fundi wetu.

"Kosa ni kuyapasha mno na kuyaharakisha," alijibu Loretta. "Wekeni kijiti ndani kabla ya kupasha, viputo vipate pa kuanzia, na mkimaliza yaacheni yatulie kidogo."

Kwa wiki kadhaa hatukujua kama mkono ule ungeshika tena vishikio vya greda. Tuliona aibu sana, tukakificha kikombe nyuma ya makopo ya rangi. Merv alirudi amepona, ngozi imebaki na baka, wala hakuuliza. Nasi hatukuthubutu kusema. Tangu hapo kila kikombe huingia kwenye maikrowevu na kijiti cha aiskrimu, na hakuna anayekiinamia akikitoa.

Jumatatu tulimuuliza anataka zawadi gani.

"Nirudishieni kikombe changu, wezi nyie," alisema. "Mlininunulia wenyewe, na sijakinywea hata mara moja."

Kev aliondoka kwenda kukitafuta nyuma ya makopo, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwa nini uchafu ulinde na usafi uunguze, mimi bado sijaelewa vizuri. Ila Ijumaa Merv atakinywea chai mbele yetu, kijiti kikiwa ndani, na sote tutangoja naye ipoe.

Asante, Merv, kwa barabara na kwa moyo wako. Kapumzike salama, mzee wetu, na kila chai yako iwe tamu.