Nilivyotolewa Kwa Dam ya Ng'ombe

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi naitwa Chelangat, wa hapa Boito. Sina maneno tamu leo. Nilitaka kuandika huu ushuhuda kitambo, lakini kila nikishika kalamu nasikia yale maji kwa mapua.

Mimi nilikuwa mtu wa kuogelea. Shule yetu ilikuwa na pool, na kutoka form one nilikuwa naingia kila asubuhi, baridi ama mvua. Nilipomaliza form four, hoteli moja Kericho ikaniita kwa majaribio. Walitaka mtu wa kulinda wageni kwa pool yao. Nilijua hiyo kazi ni yangu!

Halafu mama akaanguka jikoni. Upande mmoja wa mwili ukakufa, ulimi nao ukawa mzito. Mimi ndiye msichana wa pekee nyumbani. Kumwosha, kumlisha, kuchuna majani ya chai, kuyabeba mpaka sentaa yapimwe, yote ni mimi. Miezi mitano sikugusa maji ila ya karai. Hoteli ikasogeza siku, ikasogeza tena, mwisho wakasema ni Jumatatu hii ama basi. Ndugu zangu, nilikasirikia Mungu! Nilimwambia wazi, wewe unaniharibia.

Alhamisi kabla ya hiyo Jumatatu, wamama wa kanisa walikuja kutusaidia kuchuna. Saa ya chai nikawaacha wamekaa, nikateremka kwa dam ya jirani, ile ya kunywesha ng'ombe. Nilitaka tu kujua kama bado naweza. Nikavua gumboots na nailoni ya kujifunga kiunoni nikichuna, nikaingia na nguvu yote, vile nilikuwa naogelea form four. Kwenda, nilifika ng'ambo. Sikupumzika hata kidogo, nikageuka. Katikati mikono ikakataa. Si kuchoka, ilikataa kabisa! Kifua kikafunga, nikameza matope. Niliita Yesu mara moja tu. Ya pili nilikuwa tayari chini.

Mwenye aliniona ni mmoja wa wale wamama, Mama Moraa, Mkisii mwenye alikuja huku kuchuna chai ya estate akabaki. Hajui kuogelea. Aliingia na nguo zake mpaka maji yakamfika kwa kidevu, ameshika fito, ule mti mrefu tunalaza juu ya majani ndio tuchune sawasawa. Akanisukumia.

“Shika, Chelangat! Shika ama nikuje huko tukufe wawili!”

Nikashika.

Nilitapika kwa nyasi. Wamama wanalia, Mama Moraa anakamua nguo, na mdomo wake haukunyamaza.

“Eti samaki wa Boito! Samaki gani anavutwa na fito?”

Halafu akaketi karibu na mimi, akauliza polepole, “Ile chai yenu ya huko chini ikikatwa ibaki mashina tu, wewe unarudi kuchuna siku gani?”

“Haichunwi, mama. Inangojwa miezi ichipuke. Halafu inaguswa juu juu tu kwanza.”

“Na wewe, nani alikuambia uko na nguvu kushinda chai?”

Hiyo kazi naijua tangu nikiwa mdogo, lakini mwili wangu niliutaka urudi kwa siku moja!

Jumatatu sikuenda. Nilipigia hoteli nikawaambia ukweli, kwamba mgeni akizama mbele yangu tutazama wote. Wakachukua mtu mwingine. Nililia, na siku zingine bado nalia.

Sasa nimefunga kipande cha tube ya baiskeli kwa nguzo ya boma. Mama akilala mchana, navuta kama niko majini. Mwalimu wangu wa zamani ameniruhusu pool ya shule Jumamosi moja moja. Naenda na kurudi mara nne, basi. Natoka nikiwa na hasira, lakini natoka.

Ndugu zangu, sitawadanganya eti kila kitu imekuwa sawa. Mama hajasimama. Kazi sina. Lakini kila asubuhi mama ana mtu wa kumgeuza kitandani. Kama ningebaki kwa ile dam, nani angemgeuza? Ndio maana nasema asante Yesu, hata nikisema na machozi.

Na wewe mwenye maisha imekusimamisha katikati, usimharakishe Mungu vile mimi nilifanya. Mwamini na hiyo kidogo uko nayo. Ukitaka mtu wa kuomba na wewe, kuja tu nyumbani. Niko hapa Boito, sijaenda mahali.