Mkono wa Kushika Bakuli

Sikilizeni, Adolfu na Edith wanangu, na wewe Kristiana, mtoto wa marehemu kaka yangu Leonsi, uliyekaa hapo mlangoni kama mgeni. Sogea, maana sauti yangu haifiki mbali, na neno hili ni lako kuliko lao.

Baba yetu alipofariki, mimi na Leonsi tulikula kila Jumapili baada ya misa kwa baba mkubwa Teodori, hapa hapa Malangali. Wazee walikaa kwenye vigoda, ugali wa ulezi katikati, na bakuli la samaki, migebuka ya ziwani Wampembe, kando yake. Na kwa kuwa sakafu ya udongo ilikuwa na mabonde, mtoto mmoja alilishika bakuli kwa mkono wa kushoto lisiyumbe, na mwenye kushika hamegi tonge mpaka wakubwa wamalize kula na kunawa mikono. Kwingine watoto walipokezana. Kwa Teodori nilishika mimi, Jumapili zote za miaka saba.

“Nani anakulisha, Marsiana?” aliniuliza mbele ya wageni.

“Wewe, baba mkubwa.”

“Paza sauti! Au ulezi umekukwama kooni?”

Wakacheka, na kooni kwangu hapakuwa na kitu.

Nilikuwa kidato cha pili nilipojua kwamba ulezi ule ulitoka shamba la baba yetu kule Izia. Tulikuwa tukimshukuru kwa chakula chetu wenyewe. Sikumsamehe. Alipougua akaniita, sikwenda, na msibani kwake sikuonja hata tonge. Hilo silijutii, msinisihi.

Ninalolijutia ni jingine. Leonsi alipokufa nilimchukua Kristiana, nikalima nusu ya baba yake katika shamba lile la Izia pamoja na yangu. Adolfu, nani alishika bakuli humu ndani? Usiinamishe uso. Meza tulikuwa nayo, sakafu ya saruji, bakuli halikuwa na pa kuyumbia, lakini nilimwambia ashike, nikasema ndiyo adabu. Siku moja mkono ulimchoka, bakuli likainama, mchuzi ukamwagika, nikamuuliza kwa maneno yale yale nani anamlisha. Akajibu, “Wewe, shangazi.” Niliisikia sauti yangu ya utotoni, wanangu, niliisikia kabisa, na bado nikamwambia apaze sauti.

Tangu aolewe hajala kwangu hata kipande cha kiazi. Huja, hunipa shikamoo, husema ameshiba.

Basi shikeni haya. Nusu ya Leonsi, kutoka mferejini hadi kwenye mikaratusi, ni ya Kristiana, na nusu yangu pia, maana miaka kumi na moja nimevuna yake. Ninyi wawili mna nyumba hii. Kama mnanung'unika, ngojeni nikishazikwa. Na chakula cha msiba wangu kisipikwe kwa watoto wa Teodori.

Edith, leta ugali. Na bakuli... lile la zamani, alilokuwa akilishika Kristiana. Niinueni kidogo.

Kristiana, sikuombi msamaha. Mimi mwenyewe sikumpa mtu. Nakuomba ule, hapa, nikuone. Usiniambie umeshiba. Leo usiniambie.

Mungu awape wote... watoto wanaokula bila kuulizwa kitu. Nimechoka. Mkono wa Kristiana... uacheni, ule wa kushoto, upumzike.

Adolfu, piga magoti. Shika bakuli.