Kijiko cha Kulundika

Kwenye basi la Newala, mpika maandazi wa Chilangala alimwonyesha jirani yake wa kiti, mwalimu wa upishi, fomu ya zabuni. Shule mpya ya binafsi ilitaka vipimo kwa gramu. Mama huyo hupimia kijiko, nacho alikuwa nacho mkobani.

“Kijiko kikubwa cha unga ni gramu nane, mama,” alisema mwalimu.

“Cha kulundika?”

“Hapana. Unapitisha kisu juu, kinakuwa sawa.”

“Mwalimu! Kwetu ukipitisha kisu, mgeni anaaga.”

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nilikumbuka nyumba mbili nilizowahi kuaga.

“Sasa cha kulundika ni gramu ngapi?”

Mwalimu aliandika kumi na tano, akafuta, akaandika kumi na mbili, akafuta. Tulipofika Newala, mwalimu alishuka ameshika kijiko cha mama, akiuliza palipo na mizani.