Mama Eugénie na Safu ya Leta

Baada ya miaka ishirini na nane kazini, Mama Eugénie Ngalula anastaafu tarehe 31 Julai 1984. Kwenye karatasi za ofisi ni Citoyenne, yaani Raia, Ngalula, maana majina ya Kikristo yalikatazwa. Lakini mimi Angèle, niliyefundisha naye miaka kumi na mmoja, sijawahi kumwita hivyo, na leo sianzi.

Aliingia shule ya watoto wadogo ya kampuni ya madini mwaka 1956, Likasi ikiitwa bado Jadotville. Amewafuta kamasi wahandisi wawili, padri mmoja na karibu nusu ya timu ya mpira ya mji huu. Mtoto akigoma kunywa maziwa, Mama alimkalia mbele, kimya, mpaka kikombe kikauke. Kuimba hawezi, tuseme ukweli. Watoto walijifunza nyimbo zote kwa sauti yake ile ya kukwaruza, na wazazi wanatulalamikia hadi leo.

Mwaka 1979 alikwenda likizo kwa dada yake huko Kitwe, ng'ambo ya mpaka. Wengine wakienda Zambia hurudi na sabuni na sukari. Yeye alirudi na daftari! Alikuwa amezunguka shule za watoto wadogo akiuliza serikali inatoa kiasi gani kwa kila mtoto. Mkurugenzi wa shule zote za kampuni, Bwana Hilaire, alifurahi kupita kiasi, akamwagiza aandike ulinganisho wa nchi mbili, usomwe mbele ya wakubwa wa mji.

Ukatoka mtamu. Zaire iliipita Zambia mara sita, na alipotusomea kwanza sisi walimu, sote tulipiga makofi, mimi wa kwanza.

Kosa letu lilikuwa la watu wa Likasi. Hapa kampuni ni mali ya Leta, yaani serikali. Basi kampuni ikitoa kitu, tunasema Leta imetoa. Maziwa, vikombe, mishahara yetu, vyote Mama Eugénie aliviandika kwenye safu ya Leta. Aliyemfungua macho ni Clotilde, muuza samaki wa ziwa Tshangalele, aliyekuwa akipanga biashara yake langoni petu huku binti yake akiwachungulia watoto wetu kupitia seng'enge. Mama alimsomea habari njema, kwa majivuno. Clotilde akamjibu: "Mama, ile Leta munasemaka, mutoto yangu hayamuonaka hata siku moya."

Aka! Mama alirudi kwenye daftari lake. Fedha za kampuni, kwa watoto wa wafanyakazi wake, akaziweka kando. Akatafuta fedha za serikali kwa mtoto yeyote tu. Upande wa Zambia zilibaki kidogo. Upande wetu haikubaki hata likuta moja, ile senti yetu.

Bwana Hilaire alimsihi asome ulinganisho wa kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, Mama alisema, akasoma wa pili, wakubwa wote wakiwa mbele yake ukumbini na koti zao za abakosti. Safari hii sikupiga makofi, niliangalia viatu vyangu, na aibu ile ninayo bado. Kesho yake alinyang'anywa uongozi wa shule yetu aliokuwa nao, akabaki mwalimu tu.

Hakununa. Aliomba kitu kimoja tu: madarasa yanayokaa matupu alasiri. Tangu hapo, kila saa nane, kazi yake ikiisha, amewafundisha bure watoto wa wachuuzi na wa wapasua mawe wa Kakontwe. Binti wa Clotilde aliketi benchi la mbele. Mwaka huu wamefika hamsini na wawili.

Kila mwaka aliwaandikia wakubwa barua. Mwezi wa tano mwaka huu jibu lilikuja: Leta italipa mwalimu mmoja wa alasiri, akipatikana kabla Mama hajastaafu. La sivyo, darasa lifungwe. Mshahara mdogo, nyumba ya kampuni hakuna, posho ya unga hakuna. Tangazo lilikaa ukutani wiki sita, tulilisoma, tukapita. Mama hakumsukuma mtu, ila nilimwona siku moja akihesabu watoto wake kwa kidole, taratibu, macho yamemjaa machozi.

Mama Eugénie, asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa siku ile ukumbini. Juzi nilitia sahihi kuwa mwalimu wa alasiri. Mume wangu Nicolas alipiga kelele kuhusu unga, kisha akaenda kuuliza bei ya jembe, tulime mahindi wenyewe. Sote tunakuombea afya, usingizi mtamu wa asubuhi na miaka mingi ya furaha. Septemba, saa nane, watoto wako nitawafungulia mlango mimi.