Mazizi Mawili ya Mhandisi Kabula

Baba Paroko, wazee wa ukoo, viongozi wa serikali, ndugu, majirani na wote mliofika hapa nyumbani Bariadi leo Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025, naitwa Danford, mdogo wake Sylvester, mume wa marehemu, kwa hiyo marehemu alikuwa shemeji yangu, na kwa kuwa shemeji ana ruhusa ya kutania hata msibani, ukoo umeona heri wasifu wake nisome mimi, maana wenyewe wangelia kabla hatujafika shule ya msingi.

Mhandisi Wilhelmina Kabula Maganga alizaliwa tarehe 22 Novemba 1971 kijijini Mwandoya, ambako siku hizo kulikuwa Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Shinyanga, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Maganga na mkewe mayu Minza, yaani mama Minza, ambaye tunaye hapa mbele, na mkubwa wake ni Mayunga, mfugaji mnayemfahamu kwa kofia yake. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo sababu ya kuitwa Kabula, na jina la Wilhelmina alilipata ubatizoni.

Lipo jambo moja la boma la Mzee Maganga ambalo sitaliruka, kwa kuwa lilimfuata marehemu maisha yake yote. Mzee alikuwa na ng'ombe wa kutosha, lakini hakuwalaza wote zizi moja, wengine aliwaweka kwa rafiki zake Lalago kama ilivyo desturi yetu Wasukuma, na kila baada ya muda alifunga safari kwenda kuwaona kwa macho yake, maana ng'ombe uliyemweka kwa watu usipomtembelea, siku utakayomkumbuka utaambiwa alikwisha kufa. Mwaka 1984 ugonjwa uliingia zizi la Mwandoya ukalifagia, na ng'ombe waliowarudishia maziwa watoto wale walitoka Lalago, kwetu sisi, jambo ambalo wakwe zetu hawajatushukuru ipasavyo hadi leo.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Mwandoya kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akaendelea na sekondari ya wasichana mkoani Mwanza hadi mwaka 1990, kidato cha tano na cha sita akavimalizia Tabora mwaka 1993, kisha akajiunga na chuo kikuu jijini Dar es Salaam alikohitimu uhandisi wa kompyuta mwaka 1997, wakati ambapo wengi wetu huku tulidhani kompyuta ni aina ya televisheni isiyo na mpira.

Alianza kazi Mwanza mwaka 1998 katika ofisi ya kumbukumbu za kilimo, akahamia Bariadi mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya mkoa wetu kuanzishwa, na hapa akawa msimamizi wa kumbukumbu zote za majaribio ya mbegu za pamba. Tarehe 8 Julai 2000 alifunga ndoa takatifu na kaka yangu Sylvester, mwalimu, mzaliwa wa Lalago, na Mungu akawajalia watoto wawili, Elizabeth aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2002, ambaye ameolewa na anatarajia mtoto wake wa kwanza, na Constantine aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2006.

Mwaka 2008 marehemu alimrekodi baba yake akiimba nyimbo za palizi na kutaja ukoo tangu mababu waliofika Meatu kwa mguu, akaweka sauti ile kwenye flashi mbili, na mzee alifariki miaka miwili baadaye. Tarehe 16 Agosti 2014 ukoo ulikusanyika Mwandoya kwa kumbukumbu yake, fahali akachinjwa, mayu Minza akaketishwa mbele amsikie mumewe, na flashi zote mbili zikagoma, kwa kuwa zilikaa pamoja, droo moja, chini ya bati lililokuwa likivuja, na hakuna aliyezifungua tangu siku zilipowekwa. Mhandisi mzima alisimama mbele ya baba zake wadogo na shangazi zake akiwa hana la kuwasikilizisha, na aliniambia baadaye kwamba watoto wa Maganga wanajua tangu tumboni kuwa ng'ombe hawalazwi zizi moja, lakini yeye alikuwa amemlaza baba yake zizi moja. Aliumia sana, nasi tuliumia pamoja naye.

Shemeji hakuwa mtu wa kulia na kuishia hapo. Mwaka 2016 alipoteuliwa kwenye kamati ya wataalamu ya kuandaa viwango vya kutunza vifaa vya taarifa vinavyohamishika, yaani flashi, diski za nje, kadi za kumbukumbu na kanda, aliingia akijua anachokitaka, na wenzake walipopendekeza kila ofisi iwe na sefu moja imara, yenye kufuli na mlinzi, aliwajibu kuwa moto hauombi ufunguo, akawasimulia habari za zizi la Mwandoya mpaka wakaijua njia ya Lalago bila kufika. Walibishana naye miaka mitatu, kwa heshima lakini bila kuoneana haya, na kiwango kilipopitishwa tarehe 12 Aprili 2019, mambo yake yote yalikuwamo: kwamba nakala zikae sehemu mbili zilizo mbali, kila kifaa kiwe na alama ya mwenyewe, kisiwekwe juani wala penye unyevu, kinachostaafu kifutwe na kupondwa mbele ya shahidi, na kila nakala ifunguliwe mara kwa mara na mtu anayetajwa kwa jina, asipoifungua ihesabiwe haipo.

Kiwango kile wengine walikisoma kwenye karatasi, sisi ndugu tulikisikia kwenye simu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alimpigia kila aliyemkabidhi nakala, iwe ya ofisi au ya nyumbani, hakuuliza hali kwanza wala habari za mvua, aliuliza kama umefungua, na alikubali jibu moja tu, kwamba nimefungua, inasoma, ukijikanyaga kidogo hakati simu.

Mwezi Oktoba 2024 alianza kusumbuliwa na tumbo, na vipimo vilivyofanyika Mwanza vikaonyesha saratani ya kongosho. Alipoelewa kwamba safari ni fupi, mwezi Aprili mwaka huu alijirekodi mwenyewe kwa ajili ya mjukuu atakayezaliwa, flashi moja akampa mumewe hapa Bariadi, ya pili akampa kaka yake Mayunga huko Mwandoya, ambaye hana kompyuta wala haitamani, lakini aliihifadhi kwenye kopo la mbegu, mahali pakavu, akawa anaipeleka kwa mwalimu mmoja wa sekondari ifunguliwe. Hali ya shemeji ilibadilika mwishoni mwa Mei, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia hospitalini Mwanza.

Siku iliyofuata Elizabeth aliomba kumsikia mama yake, kaka yangu akaleta flashi yake, nayo haikufunguka. Mume wa mwanamke aliyeandika kanuni ya jua alikuwa ameiweka kwenye dashibodi ya gari, apate kumsikiliza njiani akienda hospitali na kurudi, na ni nani kati yetu angemlaumu. Lakini nyumba iliingiwa na hofu, tukaikumbuka siku ile ya Mwandoya, Elizabeth akakataa kula, na hakuna aliyethubutu kumtazama mayu Minza.

Mayunga alifika jana jioni na kopo lake, asubuhi ya leo akakataa chai, akasema kwanza ni Jumamosi. Kompyuta ililetwa, flashi ikachomekwa, na sauti ya shemeji ikajaa sebuleni, akimsalimu mjukuu, akitaja ukoo, kisha akaimba zile nyimbo za palizi alizozishika kichwani tangu utoto, na mayu Minza, ambaye mwaka 2014 alirudi ndani bila kusikia chochote, alizisikia nyimbo za mumewe kwa sauti ya binti yake. Tulilia wote, na Elizabeth akala.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, Baba Paroko na wanajumuiya, majirani waliopika na kuchota maji tangu Jumanne, wafanyakazi wenzake, na wajumbe wa kamati waliokuja kutoka mbali, ambao nawaomba, kabla hawajaondoka, wapite Lalago walione lile zizi.

Shemeji, leo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi na simu haikulia, lakini tumefungua, inasoma. Pumzika kwa amani.